Je, Kuacha Uharibifu Kwatosha?

Ni mazoea ya watu kudhani ya kwamba mtu akiisha kuacha ubaya aliokuwa akiufanya, basi amemaliza wajibu wake wala hadaiwi kitu tena. Mwizi akiacha kuiba husemwa ametengenea. Mwenye kuchimba mchanga kando ya nyumba ya jirani akiacha kuchimba husemwa yamekwisha. Lakini ukuta uliokwisha kupata ufa hausimami kwa sababu jembe limepumzishwa. Masika yakija utaanguka vile vile, na yule aliyeacha kuchimba atakuwa amelala kwake usingizi wa mtu asiye na deni.

Sote twafahamu kuwa katika haki za watu toba haitimii kwa kuacha tu, ila kwa kukirudisha kilichochukuliwa. Jambo hilo si geni kwa wasomaji wetu na hatuna haja ya kulirefusha. Tunalotaka kulitazama leo ni zito kuliko hilo. Itakuwaje ikiwa waliochukua wamekwisha kufa miaka mia na zaidi, na kilichochukuliwa si fedha wala nyumba bali ni msitu, na ardhi ulikokuwa msitu huo sasa ni malisho ya ng'ombe ya mtu mwenye hati zake halali? Ni nani adaiwaye? Na je, mwenye ardhi akisema, "Mimi sikati mti hata mmoja," ametoka katika lawama?

Ili tusiwe wenye kusema maneno ya hewani, tutachukua mfano wa mahali maalumu. Mahali hapo ni mbali nasi sana, lakini msomaji ataona kuwa kuna kitu cha nchi yetu kilichofika huko na kufanya kazi ambayo hakuna aliyeitazamia.

Katika bahari ya Pasifiki vimo visiwa vya Hawaii, ambavyo tangu mwaka 1959 ni jimbo la Marekani. Kimoja chao ni Maui, chenye mlima mkubwa wa volkano uitwao Haleakalā. Upande wa kusini-magharibi wa mlima huo, usiopata mvua nyingi, pana mahali paitwapo Auwahi, ndani ya shamba la ng'ombe la Ulupalakua. Mwaka 1913 mtaalamu wa mimea Joseph Rock alitoa kitabu juu ya miti ya asili ya visiwa hivyo, na Auwahi akaitaja kuwa miongoni mwa sehemu zenye utajiri mkubwa wa aina za miti katika visiwa vyote. Aina zipatazo 50 za miti ya asili zimejulikana hapo, mahali ambapo mpita njia angedhani hapana kitu ila mawe meusi na nyasi. Uko mti uitwao lama, ambao ni wa ukoo mmoja na abunusi. Uko olopua, ulio wa ukoo wa mzeituni. Uko mwingine ulio ndugu wa mjafari wetu. Na uko msandali, ambao wenyewe huuita 'iliahi. Watu wa asili wa visiwa hivyo walikuwa na jina na kazi kwa kila mti: huu wa mikuki na zana, huu wa rangi, huu wa dawa, huu wa mahali pao pa ibada. Walikuwa hawana chuma, na kwa hiyo mti mgumu kwao ulikuwa ndio chuma.

Msitu wa namna hii, yaani ule wa upande mkavu wa visiwa, umekwisha kupotea kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Haukupotea kwa siku moja wala kwa mkono mmoja, na hapa ndipo penye fundisho, kwa sababu mtu akitafuta mwenye makosa hampati.

Mabaharia wa Kiingereza, ambao nahodha wao alikuwa James Cook, waliacha mbuzi huko mwaka 1778. Mwaka 1793 nahodha mwingine, George Vancouver, alileta ng'ombe akampa Mfalme Kamehameha kuwa ni zawadi. Mfalme, kwa busara ya mtu apendaye mali ikue, alipiga marufuku ng'ombe hao wasichinjwe kwa muda wa miaka kama 10. Nani angemlaumu? Kila mfugaji angefanya hivyo. Lakini ng'ombe wakazaana, wakaingia milimani wakawa wa mwituni, na miti ya visiwa hivyo ilikuwa haijapata kujua mnyama mwenye kwato. Haikuwa na miiba ya kutosha wala uchungu wa kuwachukiza walaji. Mche ukitokeza majani mawili huliwa.

Kisha ikaja biashara ya msandali. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa thamani ya sandali. Harufu yake imo katika harusi zetu na katika nguo za wazee wetu. Wafanya biashara wa Kimarekani waliununua msandali wa Hawaii wakaupeleka Canton katika Uchina, na wakuu wa visiwa wakanunua kwa mkopo vitambaa, vyombo na merikebu, deni likawa juu ya deni. Mwaka 1826 ikatolewa sheria kwamba kila mwanamume alete nusu ya pikuli ya sandali, yaani kiasi cha ratili 66, au atoe riale nne za Kispania. Watu wakapanda milimani, mashamba ya chakula yakabaki bila ya mikono, na njaa ikaingia. Muda usio mrefu baadaye msandali mkubwa wa kuuzwa ukawa hauonekani. (Tusidhani hayo ni ya watu wa mbali tu. Msandali wa porini wa hapa Kenya ulikuwa uking'olewa na mizizi yake, kwa kuwa mafuta yamo humo, hata mwaka 2007 Serikali ikapiga marufuku kuuvuna.)

Baada ya hapo yakaja mashamba makubwa ya ufugaji, na mwisho wake, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, zikaja nyasi. Nyasi hizo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na wataalamu wa Kizungu waliozichukua waliziita kwa jina la nchi ya Wakikuyu walikozikuta. Jina hilo ni la mahali tu, wala asilifanye mtu kuwa ni neno la kuwatia aibu ndugu zetu wa bara. Bandari nyingi zisizo na hatia zimepewa kubeba majina ya maradhi. Kwao nyasi hizi ni njema. Huliwa na wanyama waliokua pamoja nazo tangu zamani, hupata mipaka yao katika kivuli cha msitu, na hazimdhulumu mtu. Zilipofikishwa Maui zilikuwa njema pia kwa ng'ombe, na ndiyo sababu zikapendwa. Lakini katika ardhi ile hazikupata wa kuzizuia. Zikatambaa, zikafumana, zikawa kama godoro lililotandikwa juu ya ardhi yote, hata mbegu ya mti ikianguka haifiki mchangani, na ikifika haioni jua.

Basi yaliyobaki Auwahi yakawa mambo ya ajabu na ya huzuni. Miti mizee ilikuwa ingalipo, imesimama hapa na pale juu ya nyasi, inachanua na kuzaa. Lakini chini yake hapakuwa na mche. Mtu angeweza kupita mchana kutwa asione mti kijana hata mmoja wa aina nyingi kati ya hizo. Ni kama kijiji ambacho ndani yake hamna ila wazee wa miaka themanini, na kila mwaka hutoka jeneza moja, wala haisikiki sauti ya mtoto. Mwenye kukitazama kijiji hicho leo aweza kusema, "Mbona watu wapo?" Naam, wapo, lakini kijiji kimekwisha.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Tuseme kwamba mwenye shamba ameacha kukata miti, na fauka ya hayo ameweka ua, ng'ombe wake wasiingie. Ametoka katika deni?

Jambo hili halikubaki kuwa la kukisia, kwani lilikwisha kujaribiwa. Katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, mahali paitwapo Ka'ūpūlehu, kipande kidogo cha msitu mkavu kilizungushiwa ua tangu miaka ya 1950, ng'ombe na mbuzi wakazuiwa. Miaka zaidi ya 40 ikapita. Wataalamu walipokipima wakakuta nini? Wakakuta miti mizee ile ile, nayo imepungua, na chini yake nyasi za kigeni zimejaa, hizi nazo ni za asili ya Afrika ya Kaskazini. Miche ya miti ya asili ilikuwa karibu hakuna. Miaka arubaini ya kuacha, na kuacha huko hakukuzaa kitu. Kwato zilikuwa zimeondoka, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kupata miguu yao wenyewe.

Twaona hapa pana jambo ambalo wenye kufikiri juu ya mema na mabaya aghlabu hulipita upesi. Kuna ubaya ambao ukiachwa hufa, kama moto wa kuni usiotiwa kuni. Na kuna ubaya ambao ukiisha kuanzishwa hauhitaji tena mwenye kuutenda, huendelea wenyewe kama jiwe lililosukumwa mlimani. Ubaya wa namna ya kwanza wajibu wake ni kuacha. Ubaya wa namna ya pili, mwenye kuacha akakaa kitako hana tofauti kubwa na mwenye kuendelea, ila kwamba mikono yake ni safi na moyo wake umetua. Na mkono safi pengine ndio hatari zaidi, kwa kuwa humfanya mtu asitazame.

Ushahidi mwingine ulikuja kwa njia ya msiba. Tarehe 8 Agosti 2023 mji wa Lahaina, katika kisiwa hicho hicho cha Maui, uliteketea kwa moto uliosukumwa na upepo mkali, wakafa watu wapatao 100. Kandokando ya mji yalikuwako mashamba ya miwa ya zamani ambayo kilimo chake kilikwisha kabla ya kuingia karne hii, na nyasi za kigeni, nyingi za asili ya Afrika, zilikuwa zimeota humo zikakauka. Mashamba hayo hayakuwa yakiharibiwa na mtu siku hiyo. Yalikuwa yameachwa tu.

Auwahi palifanywa namna nyingine. Mwaka 1997, chini ya uongozi wa mtaalamu wa mimea Arthur Medeiros na kwa ridhaa ya mwenye shamba, palizungushwa ua wa seng'enge kwenye kipande cha eka 10. Ng'ombe, mbuzi, na paa wa asili ya Bara Hindi walioletwa visiwani wakazuiwa. Lakini hawakuishia hapo. Walizipiga nyasi dawa ya kuziua, wakaziacha zikauke mahali pale pale ziwe matandiko ya kuhifadhi umande, kisha wakapanda, karibu karibu sana, kichaka kiitwacho 'a'ali'i, ambacho ni kigumu na hakichagui ardhi. Kichaka hicho chaota hata katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na huenda msomaji amewahi kukipita njiani bila ya kukijali. Vichaka vilipokua vikatia kivuli, nyasi zikashindwa, kwani hizo hazistahimili kivuli. Na chini ya kivuli hicho ndipo ikapandwa miti yenyewe.

Waliofanya kazi hiyo wengi wao hawakuwa wataalamu wala vibarua. Walikuwa watu wa kisiwa, walimu, wanafunzi, wastaafu, watu wa asili na wageni waliohamia, ambao hupanda mlima kwa njia mbaya ya mawe siku yao ya mapumziko, wakapiga magoti wakapanda, wakateremka jioni bila ya malipo. Kwa mikono hiyo imepandwa miche makumi ya maelfu. Baada ya miaka kama 15, nyasi zilizokuwa zimefunika karibu robo tatu ya ardhi ndani ya ua huo zilikuwa zimebaki sehemu ndogo kabisa, na vichaka vya asili vimeshika mahali pao. Na likatokea lile ambalo halikuonekana hapo kwa muda mrefu mno: miche ya baadhi ya miti ya asili ikaota yenyewe, bila ya kupandwa na mtu.

Wako watakaosema kwamba dawa ya sumu haiwezi kuwa chombo cha wema. Sisi hatukubali neno hilo likisemwa kwa jumla, wala hatulipuuzi. Mganga hukata nyama ili aokoe mkono. Linalotakiwa ni kwamba sumu itiwe kwa kipimo, mara moja, kwa kusudi la kutoihitaji tena, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hapo, kwa kuwa kivuli ndicho kilichokusudiwa kuendeleza kazi. Anayepiga dawa kila mwaka na asipande kitu, huyo amebadilisha uharibifu kwa uharibifu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mali. Shamba la Ulupalakua ni la watu binafsi, nalo ni kubwa, eka nyingi elfu. Mtu aweza kuuliza, na swali lake ni la haki: kwa nini mwalimu wa skuli na mzee aliyestaafu watoe jasho bure juu ya ardhi ya mwenye mali, ambaye ana uwezo wa kulipa? Je, huku si kumpambia tajiri shamba lake? Na upande wa pili, mwenye shamba naye aweza kusema: "Mimi sikuleta ng'ombe wa mwaka 1793. Mimi sikuuza msandali Canton. Nimenunua ardhi au nimerithi, na kodi nalipa. Kwa nini nifunge malisho yangu kwa dhambi za watu wa kale?"

Tuanze na huyu wa mwisho. Ni kweli hana dhambi. Wala hatuoni faida ya kumtafutia mtu dhambi asiyoitenda ili tupate nguvu ya kumwamrisha. Lakini dhambi na deni ni vitu viwili. Twajua sote kuwa mtu akifa, warithi hawagawani mali mpaka madeni ya marehemu yalipwe katika mali hiyo. Mrithi hakukopa, hakula, pengine alikuwa hajazaliwa siku ya mkopo. Hakuna amwitaye mkosa. Lakini hawezi kuichukua mali akaliacha deni, kwa sababu deni limo ndani ya mali hiyo na limetangulia haki yake. Basi ardhi ya malisho ambayo unono wake umetokana na msitu ulioliwa, ni mali yenye deni. Aishikaye leo, hata kwa hati iliyo safi kabisa, ameshika pamoja nayo lile ambalo halijalipwa. Haya twayasema kwa njia ya mfano, si kwa kutoa hukumu ya sheria. Lakini mfano huu twaona ni wa kweli kuliko ule wa dhambi, kwa kuwa waweka uzito mahali pake.

Na mfano huo huo wamlinda mwenye shamba pia. Mrithi hatakiwi kulipa zaidi ya kilichoachwa. Hauzi nguo zake mwenyewe kwa deni la babu. Kwa hiyo anayemwambia mfugaji atoe ng'ombe wote, afunge shamba lote, awafukuze vibarua wake, amepita mpaka. Ng'ombe ni riziki ya watu, na nyama na maziwa si vitu vya kudharauliwa na walioshiba. Linalodaiwa ni sehemu: ile ambayo miti mizee ingali imesimama na mbegu zingali zapatikana, kabla jeneza la mwisho halijatoka. Mahali ambapo hapana tena mti wala mbegu, pana hoja ya kupaacha pawe malisho. Watu wa kadiri watatofautiana juu ya ukubwa wa sehemu hiyo, na hilo si jambo la kuogopa. Madeni mengi hupimwa kwa mapatano.

Ni nani anayemdai? Hapa twaenda polepole. Hatusemi kuwa miti ina haki kama ya binadamu ya kusimama mbele ya kadhi. Lakini aina ya mti ambayo haipo popote duniani ila katika mlima ule, ikifa hapo imekufa kabisa, na hapana mwanadamu, awe mfalme au mwanachuoni, awezaye kuirudisha. Twaweza kumiliki mti, kuupanda, kuukata na kuuuza. Kuimaliza aina yake ni jambo jingine. Hati ya ardhi husema ni nani wa kutumia, nani wa kuzuia wengine, nani wa kuuza. Hatujaona hati iliyompa mtu mamlaka ya kufuta jina katika orodha ya viumbe. Basi wanaodai ni wale watakaokuja wakute jina bila ya kitu. Na katika Maui wako wanaodai walio hai hivi sasa, nao ni watoto wa wale waliotoa majina hayo, ambao lugha yao ina maneno ya miti ambayo wengi wao hawajapata kuiona.

Ama lile swali la mwalimu na mzee, kwamba wanamfanyia tajiri kazi ya bure, jawabu lake ni kutazama nani anapata nini. Ndani ya ua mwenye shamba hapati malisho, amepungukiwa. Hauzi mbao, wala hakodishi. Kama angekuwa anapata faida kutoka jasho lile, tungesema bila ya kusita kwamba ni dhulma iliyovikwa kanzu nyeupe. Lakini swali haliishii hapo, kwa sababu mwenye shamba wa leo si wa kesho. Mwema hufa, mwanawe akawa na madeni yake, dalali akabisha hodi, na mti wa miaka 20 ukawa ni kizuizi cha kiwanja. Wema unaotegemea moyo wa mtu mmoja una umri wa mtu huyo.

Wasomaji wetu wana uzoefu wa jambo hili kuliko watu wa Maui, kwa kuwa sisi tunayo wakf. Mtu wa zamani alitoa shamba lake au nyumba yake, akaifunga isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, manufaa yake yaende kwa msikiti au kwa maskini. Alikuwa akifikiri juu ya watu asiowajua. Huko Marekani sheria ina kitu kinachofanana nayo kidogo: mwenye ardhi huitia ardhi yake sharti la kudumu, ambalo humfunga yeye na kila atakayeishika baada yake, na chama cha kuhifadhi ardhi kikapewa usimamizi wa sharti hilo. Mwaka 2009 shamba la Ulupalakua lilifanya hivyo kwa zaidi ya eka 11,000, yapata theluthi mbili za ardhi yake, kwamba zisigeuzwe majumba na mahoteli bali zidumu kuwa ardhi ya ufugaji na kilimo. Tuwe waangalifu tusilitie sharti hilo lisilokuwamo: limezuia majengo, wala halikuamrisha msitu. Lakini msitu waweza kurudi penye malisho, na hauwezi kurudi penye hoteli.

Nasi twajua pia udhaifu wa vifungo vya namna hii. Ni mashamba mangapi ya wakf katika pwani hii ambayo karatasi yake ingalipo na minazi yake imekufa? Msimamizi hakuuza, hilo lingekuwa kosa la kuonekana. Aliacha tu. Hakupanda mnazi mpya ulipoanguka wa zamani, hakupalilia, hakufukuza wavamizi walipokuwa wawili, na miaka 30 baadaye wakf ni vichaka na kesi. Ukimwuliza husema, na husema kweli, kwamba yeye hakugusa kitu. Huyu ni ndugu wa yule mwenye msitu asiyekata mti hata mmoja. Aliyepewa kitu kinachohitaji kutunzwa, akakiacha bila ya kukigusa, hakukitunza.

Husemwa pia kwamba kazi yenyewe ni ndogo mno. Eka 10, kisha vipande vingine vilivyofuata vya makumi ya eka, juu ya mlima ambao msitu wake ulikuwa wa maelfu! Ni kweli ni ndogo, wala hatuwezi kuifanya kuwa kubwa kwa maneno. Lakini kipande cha kwanza kilionyesha lile ambalo wengi walikuwa wamelikatia tamaa, kwamba miti hiyo haikuwa imechoka kuzaa, ila ilinyimwa mahali pa kuzaa. Kabla ya hapo mtu mvivu alikuwa na udhuru: aliweza kusema msitu huu umekwisha, tuuache ufe kwa amani. Baada ya hapo udhuru huo hana. Asiyejua kuwa jambo lawezekana husamehewa mengi.

Na bado si miti yote iliyoitikia. Baadhi yake, hata ndani ya ua, hata baada ya nyasi kuondoka na kivuli kurudi, haijaotesha mche wenyewe. Panya waliokuja na merikebu hula mbegu zake zikiwa bado mtini au zikianguka. Ndege wa asili waliokuwa wakichukua chavua ya maua yake na kuzibeba mbegu zake wengi wamekufa wote duniani, hapana wa kuwaita. Miti hiyo yachanua katika wakati wake kama ilivyochanua siku zote. Watu hupanda mlima wakaokota mbegu zake kabla ya panya, wakaziotesha katika vitalu, wakarudi nazo mwaka unaofuata wakazipanda kwa mkono, na kazi hiyo ya ndege wameichukua wao.